Usaili wa wanasaikolojia wa ubongo: Majibu ya kukariri hayafui dafu

KILA mwaka, kati ya Desemba na Januari, maelfu ya wanafunzi wa shahada ya uzamifu katika saikolojia nchini Marekani huketi mbele ya wasaili wakiwania nafasi za mafunzo ya kazini ya mwaka mmoja.

Miongoni mwao wamo wanaolenga saikolojia ya ubongo, taaluma inayochunguza jinsi kiharusi, kifafa, majeraha ya kichwa na maradhi ya uzeeni yanavyovuruga kumbukumbu, lugha, umakinifu na uwezo wa mtu kuamua mambo. Wamo pia wanafunzi wa kigeni ambao jamaa zao nyumbani wamejinyima mengi ili wafike hapo.

Kwa wote hao, mwaka huo ni sharti la kuhitimu. Mtu anaweza kuwa amekamilisha masomo ya darasani na hata kuandika tasnifu yake, lakini asipopata kituo cha mafunzo, shahada yenyewe itasubiri mwaka mwingine mzima. Ndiposa msimu wa usaili huandamana na hofu kubwa, na hofu hiyo imezaa washauri wa kila aina pamoja na orodha ndefu za maswali na majibu yake.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: je, majibu yaliyokaririwa humfaa mwombaji? Ukitazama jinsi mfumo wenyewe ulivyoundwa, pamoja na aina ya kazi inayomsubiri anayefaulu, ni bayana kwamba kukariri humponza zaidi ya kumfaidi.

Ili kuelewa hali ilivyo sasa, yafaa kurejelea ilikotoka. Hadi mwaka 1998, nafasi hizi zilitolewa kwa simu, siku moja ya mwezi Februari. Vituo vilipiga, waombaji wakangoja kando ya simu zao, na kila upande ukajaribu kubaini nia ya mwingine kabla ya muda kuyoyoma. Mwombaji aliyepigiwa na kituo alichokipenda kiasi, huku akitarajia simu ya kile alichokipenda zaidi, alikuwa na muda mfupi wa kuamua iwapo angekubali au angebahatisha.

Vituo navyo viliogopa kukataliwa na kupoteza muda. Kwa hivyo, wasimamizi walitaka kujua mapema ni nani angekubali mara moja akipigiwa. Usaili ukageuka mchezo wa kuviziana. Aliyesema ukweli kuhusu anachokipenda alihatarisha nafasi yake, na aliyedanganya akalazimika kuishi na uongo wake.

Mnamo 1999 utaratibu huo uliachwa. Chama cha vituo vya mafunzo ya saikolojia, APPIC, kilichoanzishwa mwaka 1968, kilianza kutumia mfumo wa tarakilishi unaooanisha orodha mbili. Baada ya usaili, kila mwombaji huorodhesha vituo kuanzia anachokipenda zaidi, nacho kila kituo huorodhesha waombaji kwa namna iyo hiyo. Hakuna upande unaoiona orodha ya mwingine. Matokeo hutolewa mwezi Februari, na hufunga pande zote mbili.

Hesabu iliyo nyuma ya mfumo huo haikutungwa kwa pupa. Chimbuko lake ni makala yaliyochapishwa mwaka 1962 na wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley. Baadaye, mwanauchumi Alvin Roth, ambaye katika miaka ya tisini aliuchunguza msukosuko wa simu za wanasaikolojia, alishiriki kuunda kanuni inayotumika hadi leo. Roth na Shapley walituzwa Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Utendakazi wake ni rahisi kueleza. Tarakilishi huanza na chaguo la kwanza la mwombaji. Kituo kikiwa na nafasi, humshika kwa muda. Akitokea mwingine ambaye kituo kimempa daraja ya juu zaidi, wa kwanza huachiliwa na kupelekwa kwenye chaguo lake la pili, ambako hupimwa kana kwamba ndiko alikoanzia. Mwombaji hapotezi lolote kwa kutanguliza kituo kigumu kupatikana, na hapati faida yoyote kwa kutanguliza kile anachodhani kinamtaka.

Isitoshe, kanuni za APPIC zinapiga marufuku kituo kumwuliza mwombaji atakipa nafasi ya ngapi, na mwombaji haruhusiwi kukidokezea. Anayemaliza usaili kwa kunong'ona kwamba kituo hicho ndicho chaguo lake la kwanza huwa amevunja kanuni, tena bila manufaa yoyote.

Kwa maneno mengine, mfumo uliundwa ili ukweli usimtie mtu hasarani. Huo ndio msingi ambao waombaji wengi huusahau wanapojiandaa. Hutumia wiki nzima wakikisia kile msaili anachotaka kusikia, ilhali swali lenye uzito ni iwapo kituo hicho kitawapa mafunzo wanayoyahitaji.

Ni kweli kwamba hofu yao ina historia. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, waombaji walizidi nafasi kwa kiasi kikubwa, na mamia walikosa pa kwenda. Awamu ya pili ya kuoanisha ilianzishwa mwaka 2011 ili waliokosa wapate fursa nyingine kabla ya msimu kwisha. Hali hiyo imebadilika tangu hapo, na katika miaka ya karibuni nafasi kwa jumla zimewazidi waombaji. Hata hivyo, vituo vyenye mafunzo thabiti ya ubongo vingali vinagombaniwa, kwa kuwa wanaovitaka ni wengi na kila kituo huchukua watu wachache.

Tena taaluma hii ina ngazi zake. Mkutano uliofanyika Houston, jimbo la Texas, mwaka 1997 uliweka njia anayopaswa kupitia mtaalamu wa saikolojia ya ubongo: shahada ya uzamifu, mwaka wa mafunzo ya kazini, kisha miaka miwili ya ukaazi baada ya shahada. Mkutano mwingine uliofanyika Minnesota mwaka 2022 ulipitia upya miongozo hiyo. Mwaka wa mafunzo ya kazini ndio daraja kati ya darasa na ukaazi. Anayeuvuka bila kuwaona wagonjwa wa kutosha atapata taabu mbele ya safari.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza ambalo mwombaji anapaswa kujiuliza kabla ya kuulizwa na wengine ni kuhusu muda. Kituo kinachojitangaza kuwa na mkondo wa saikolojia ya ubongo kwa kawaida hutarajiwa kutenga angalau nusu ya muda wa mwanafunzi kwa kazi hiyo. Vingine hutoa siku moja tu kwa wiki. Ni haki ya mwombaji kuuliza: nitawaona wagonjwa wangapi kwa wiki, wa maradhi gani, nani atasoma ripoti zangu, na waliohitimu hapa walikwenda wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayomwongoza anapopanga orodha yake.

Wasaili nao wana yao. Baadhi ya maswali ni ya kawaida: kwa nini umechagua kituo hiki, tasnifu yako inahusu nini, ulikabiliana vipi na msimamizi mliyetofautiana. Vituo vingine hutoa kisa cha mgonjwa, pengine na ukurasa wa alama za vipimo, na kumtaka mwombaji afikiri kwa sauti.

Chukulia mfano huu. Mzee wa miaka 68, mwalimu mstaafu, ameletwa na mkewe anayelalamika kwamba mumewe husahau mambo. Amesomewa orodha ya maneno mara kadhaa, na baada ya nusu saa anakumbuka machache mno. Lakini akitajiwa maneno hayo yakiwa yamechanganywa na mengine, anayatambua karibu yote.

Mwombaji aliyekariri atarukia jina la ugonjwa. Atasema ni Alzheimer, kwa kuwa amesikia kusahau. Mwombaji anayeelewa kazi yake ataona kwamba maneno yaliingia kichwani na bado yamo, ila mgonjwa anatatizika kuyatoa. Katika Alzheimer, mara nyingi maneno huwa hayakuhifadhiwa, hivyo hata kutajiwa hakusaidii sana. Sura hii ya pili inaweza kutokana na sonona, matatizo ya mishipa ya damu ya ubongo, ukosefu wa usingizi au dawa anazomeza mzee huyo.

Baada ya hapo atauliza maswali. Je, mzee anasikia vizuri? Lugha aliyopimiwa ndiyo aliyofundishia maisha yake yote? Alianza kusahau lini, polepole au kwa ghafla? Anaendelea kusimamia fedha zake mwenyewe? Je, kuna dalili kwamba hakujitahidi katika vipimo? Mwishowe atasema bila haya kwamba alama hizo peke yake hazitoshi kumpa mtu hukumu ya maradhi yasiyo na tiba.

Kinachopimwa hapo ni jinsi mtu anavyofikiri. Msaili anajua kwamba miezi michache baadaye mwanafunzi huyo ataandika ripoti itakayoamua iwapo mtu ataendelea kuendesha gari, kurejea kazini, kupasuliwa ubongo au kupokonywa mamlaka juu ya mali yake. Anayejifanya kujua asichokijua katika chumba cha usaili atafanya vivyo hivyo mbele ya mgonjwa.

Ndiyo maana maandalizi yenye tija huanza kwenye majalada ya mwombaji mwenyewe. Anapaswa kuchagua wagonjwa watatu au wanne aliowahi kuwapima, awaondolee kila alama ya utambulisho, kisha aweze kueleza kila mmoja kwa dakika tatu: kilichomleta, alichopimwa, matokeo yalisema nini, na ripoti ilimsaidia vipi. Mmoja wao awe yule ambaye mambo hayakwenda sawa. Swali la kosa huulizwa mara nyingi, na anayedai hajawahi kukosea huwatia wasaili wasiwasi.

Vilevile, apitie fomu aliyoituma. Saa za kazi alizoandika humo, vipimo anavyodai kuvimudu na makala anayosema aliyaandika, vyote vinaweza kuulizwa. Aliyeongeza chumvi mwezi Novemba huumbuka mwezi Januari.

Liko pia eneo ambalo limepata uzito mpya katika miaka ya karibuni, nalo ni haki katika vipimo vyenyewe. Alama ya kipimo haina maana hadi ilinganishwe na za watu wengine. Lakini watu gani?

Mfano ulio wazi ni ule wa ligi ya kandanda ya Kimarekani, NFL. Katika fidia iliyotengewa wachezaji wastaafu waliodhurika ubongo, alama za wachezaji Weusi zingeweza kulinganishwa na wastani uliowekwa chini kuliko wa Wazungu. Matokeo yake ni kwamba mchezaji Mweusi alihitaji kuzorota zaidi ndipo aonekane mgonjwa. Mwaka 2020, wachezaji wawili wastaafu, Kevin Henry na Najeh Davenport, walifika mahakamani kupinga utaratibu huo, na mwaka uliofuata ligi hiyo ikaahidi kuachana nao.

Jambo hilo lina pande mbili, na mwombaji makini anapaswa kuzijua zote. Viwango hivyo vilibuniwa na wataalamu waliotaka kuzuia watu Weusi wenye afya wasiandikwe kuwa wagonjwa kwa sababu tu walinyimwa shule bora. Dawa iliyokusudiwa kuponya kosa moja ikazaa lingine. Anayeulizwa kuhusu wagonjwa wa tamaduni tofauti, kisha akajibu kwamba anaheshimu watu wote, atakuwa amesema kweli bila kujibu swali.

Hapa ndipo mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki anapoweza kuwa na la kusema ambalo wenzake hawana. Kipimo kimojawapo cha kawaida humtaka mtu arudie tarakimu anazosomewa. Tarakimu za Kiswahili kuanzia moja hadi tisa zina silabi mbili kila moja, ilhali za Kiingereza zote zina silabi moja isipokuwa saba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1980 kuhusu Kiwelisi na Kiingereza ulionyesha kuwa urefu wa kutamka tarakimu huathiri idadi ambayo mtu anaweza kuishika akilini. Kumpima Mswahili kwa lugha yake kisha kumlinganisha na wastani wa Mwingereza ni kutumia mizani yenye kasoro.

Kazi ya kurekebisha mizani hiyo imefanywa nyumbani pia. Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, miongoni mwao Penny Holding na Amina Abubakar, wamefanya kazi kwa miaka mingi kutunga na kurekebisha vipimo vinavyowafaa watoto wa Pwani, wakiwemo walionusurika malaria kali iliyoathiri ubongo. Mwanafunzi anayeijua kazi hiyo hahitaji kukariri jibu lolote kuhusu utamaduni.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo wa kigeni ana vizingiti ambavyo ufasaha hauviondoi. Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani ndiyo inayofunza wanasaikolojia wengi zaidi nchini humo, na hospitali zake zina baadhi ya vituo vinavyosifika kwa saikolojia ya ubongo. Wanafunzi wake sharti wawe raia wa Marekani. Asiye raia akituma maombi huko atakuwa ametwanga maji kwenye kinu.

Kwa vituo vingine, anayesoma kwa viza ya mwanafunzi huhitaji idhini ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, nayo hutolewa kupitia chuo. Ni busara kuuliza kila kituo mapema kwa baruapepe kama kinapokea wanafunzi wa aina hiyo, na kukutana na afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya msimu kuanza. Mtu asisubiri mwezi Februari, matokeo yakiwa yameshamfunga, ndipo agundue kwamba karatasi zake hazimruhusu kuripoti kazini.

Swali la baada ya mafunzo nalo limekuwa zito. Mnamo Septemba 2025, serikali ya Rais Donald Trump ilitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza ya kazi ya H-1B. Anayepanga miaka miwili ya ukaazi baada ya shahada hana budi kuzingatia mabadiliko kama hayo, ambayo hutangazwa ghafla.

Jambo moja limempunguzia mwombaji mzigo. Kabla ya janga la corona, wanafunzi walisafiri kutoka jimbo moja hadi jingine katikati ya majira ya baridi, wengi kwa fedha za mkopo. Tangu mwaka 2020, usaili mwingi umefanywa kwa njia ya video. Nauli na hoteli zimeondoka, lakini hali hiyo ina adabu zake: chumba kitulivu, mwanga usoni, mtandao uliojaribiwa siku iliyotangulia na nambari ya simu ya kituo iliyo karibu iwapo mawasiliano yatakatika. Kusoma majibu yaliyobandikwa kando ya skrini hugunduliwa upesi, kwani macho hayadanganyi.

Aidha, video humnyima mwombaji nafasi ya kuona wodi na kusikia mazungumzo ya ujia. Kwa hivyo, fursa ya kuzungumza na wanafunzi walio kituoni wakati huo ni ya thamani. Hao ndio wanaoweza kumweleza iwapo msimamizi anayesifiwa katika brosha hupatikana mgonjwa anapokuwa mgumu.

Kwa Kenya, suala hili si la mbali kama linavyoweza kuonekana. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulitokana kwa sehemu kubwa na mzozo kuhusu madaktari wanagenzi, na uliwakumbusha wananchi kwamba kati ya darasa na leseni kuna mwaka usiokwepeka. Wanasaikolojia nao wana sheria yao tangu mwaka 2014, lakini wataalamu wa saikolojia ya ubongo wangali wachache mno, ilhali majeruhi wa ajali za bodaboda, waathiriwa wa kiharusi na wazee wanaopoteza kumbukumbu hawapungui.

Siku moja taifa litahitaji kuwafunza wataalamu wake humu humu. Litakapoanza, halitakosa vipimo vya kuiga wala vitabu vya kusoma. La kuiga kwanza litakuwa utaratibu wa kuwachagua wanafunzi. Katika nchi ambako neno usaili huwafanya vijana wengi waulize nani anamjua nani, mfumo unaowazuia wasaili kudai ahadi za siri, na unaomhakikishia mwombaji kwamba hatadhurika kwa kusema anachokitaka, ni jambo la kutafakari.

Kwa sasa, anayeketi mbele ya kamera yake msimu huu ana majukumu mawili. La kwanza ni kuwaeleza wasaili anachokijua na mahali ujuzi wake unapokomea. La pili ni kuketi peke yake mwanzoni mwa Februari na kupanga orodha kwa mpangilio wa mapenzi yake halisi, akiacha nje kituo chochote ambacho hangetaka kuamkia kwa mwaka mzima.